Weupe Unaochorwa: Kupamba Kitambaa cha Pamba kwa Uji wa Muhogo

Mwanamke wa pwani anapompamba bibi arusi kwa hina, hutia rangi pale anapotaka rangi ikae, na pale asipopagusa ngozi hubaki kama ilivyokuwa. Amali hiyo ni dhahiri kwa macho, na mkono huizoea tangu utotoni kwa kuwatazama makungwi na mashangazi wakiifanya. Sanaa ninayotaka kukueleza, msomaji wangu, ni ndugu wa hina kwa mwendo wa mkono, walakini ni kinyume chake kwa maana. Katika sanaa hii ncha ya koni au ya unyoya haimwagi rangi, bali humwaga kitu cha kuizuia rangi. Na mstari unaouchora leo kwa uji mweupe juu ya nguo nyeupe, ambao huuoni sawasawa mpaka uinamishe kichwa upande wa dirisha, ndio utakaodhihiri kesho katikati ya buluu au ya wekundu, nao ungali mweupe kana kwamba haukupata kuguswa na kitu. Anayetaka kuijua kazi hii ni lazima kwanza aizoeze akili yake kukubali kwamba anachora weupe, na kwamba rangi itakuja baadaye kumjazia pale alipopaacha.

Kanuni yake ni moja ijapokuwa mataifa yaliyoifuata ni mengi. Pamba hunywa maji, na rangi huingia katika nyuzi zake ikichukuliwa na maji hayo. Basi kitu chochote kitakachowahi kuziba nyuzi kabla ya rangi kufika, madhali si chepesi kuyeyuka, kitazikinga. Watu wa Java hutumia nta iliyoyeyushwa, wakiimimina kwa kikombe kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba kama wa birika, kiitwacho chantingi, na ustadi wao umeheshimiwa hata UNESCO ikauandika mwaka 2009 katika orodha ya urithi wa wanadamu. Jina la batiki, ambalo sasa ni la kila soko kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, asili yake ni huko. Lakini wako wengine, walio karibu nasi zaidi kwa hali ya maisha, ambao hawakuhitaji nta. Wanawake wa Kiyoruba wa Abeokuta na Ibadan, katika nchi ya Nijeria, huchukua uji wa muhogo, wakauchora juu ya kitambaa kwa unyoya wa kuku au kwa njiti, kisha wakakichovya kitambaa katika nili. Nguo hiyo huitwa adire eleko. Moja ya nakshi zao mashuhuri huitwa Ibadandun, maana yake Ibadan ni tamu, na ndani yake zimechorwa nguzo za jumba la Mapo lililo juu ya kilima cha mji ule. Ukiitazama nguo hiyo utastaajabu kwamba fahari yote ile ilitoka katika sufuria ya unga wa muhogo.

Mimi nimejaribu njia zote mbili, ile ya nta na ile ya uji, na kwa mtu anayeanza nyumbani, mwenye jiko moja na watoto wanaopita mlangoni, nashauri uji bila ya kusita. Nta hutaka moto, na moto hutaka macho mawili yasiyoondoka. Uji ukishapikwa hutaka subira tu. Fauka ya hayo, mstari wa uji uliokosea huweza kuoshwa ukiwa ungali mbichi, hali mstari wa nta ukishashika nguo hauna toba. Kasoro ya uji ni moja: hauvumilii kuloweshwa kwa muda mrefu, kwa kuwa maji ndiyo yaliyouzaa na maji ndiyo yatakayouondoa. Kwa sababu hiyo katika mwongozo huu hatutachovya kitambaa katika pipa la rangi. Tutakipaka rangi kwa brashi kikiwa kimetandazwa.

Anza na kitambaa. Chagua pamba tupu, isiyochanganywa na nyuzi za viwandani, kwa sababu rangi nitakayokutajia haishiki poliesta hata kidogo. Bafta nyeupe yafaa sana. Marekani, ile isiyopaushwa, ambayo babu zetu waliiita hivyo kwa kuwa ililetwa Unguja na merikebu za Wamarekani katika karne ya 19, yafaa vile vile, ila weupe wake ni wa maziwa na rangi juu yake hupoa kidogo. Shuka la zamani lililofuliwa mara mia ni bora kuliko vyote, na ningekuwa mwalimu wako ningekuambia uanze na hilo. Kama huna uhakika kwamba kitambaa ni pamba, chomoa uzi mmoja uuchome: pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka, na poliesta hujikunja na kuacha punje ngumu nyeusi.

Nguo mpya ya dukani huwa na kanji, nayo ndiyo adui wa kwanza wa kazi hii. Kitambaa changu cha mwanzo kilikuwa bafta inayong'aa, ambayo nilihurumia kuitia maji kwa jinsi ilivyokuwa imenyooka. Nikaichora siku mbili, nikaipaka buluu ya kupendeza, na nilipoiosha ile buluu ikaondoka pamoja na kanji iliyokuwa imeikalia, ikabaki nguo yenye mabaka mithili ya ukuta ulioingiwa na mvua. Rangi haikuwa imeingia katika pamba. Ilikuwa imeketi juu ya wanga. Tangu siku ile sianzi kazi kabla ya kukifua kitambaa kwa maji ya moto na sabuni, kukisuuza mara mbili, kisha kukijaribu kwa tone la maji. Lidondoshe tone hilo juu ya nguo iliyokauka na ulitazame: likizama papo hapo na kutanuka, pamba iko tayari kunywa, likikaa duara kama shanga hata kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, rudi bombani ufue tena.

Baada ya kufua, kitambaa hulowekwa katika maji ya magadi soda, yaani ile soda nyeupe ya unga wanayotumia watengenezaji wa sabuni na mafundi wa batiki, ambayo huuzwa kwa kilo. Kipimo ni gramu 60 kwa kila lita moja ya maji ya vuguvugu, na muda ni robo saa. Vaa glovu za mpira, maana magadi hula ngozi. Kamua bila kusuuza, anika kivulini, na kikikauka usikipige pasi, kwa sababu moto wa pasi juu ya magadi hukifanya kitambaa kiwe cha manjano. Kazi ya magadi ni kuiamsha rangi ishikane na pamba. Pasipo hayo rangi itaoga ndani ya nguo kisha itoke kama mgeni aliyekosa kuandaliwa pa kulala.

Sasa njoo kwenye uji, nao ndio moyo wa jambo. Chukua vijiko vitatu vya mezani vya unga wa muhogo kwa kikombe kimoja cha maji. Uchekeche unga kwanza, kwa sababu chembe moja ya ganda ikiingia katika tundu la koni itakusimamisha katikati ya ua zuri. Ukoroge katika maji baridi mpaka usione donge, ndipo uutie motoni, moto mdogo, ukikoroga kwa mwiko bila ya kuacha. Dakika chache utaonekana kama maziwa yasiyotaka kubadilika; mara, kwa ghafla inayowashangaza wote wanaoiona mara ya kwanza, utaanza kuvuta, weupe wake utageuka uwe wa kung'aa kama lulu, na mwiko utaacha njia nyuma yake. Endelea kukoroga dakika mbili tatu tangu hapo, kisha uepue, uufunike kwa kitambaa kibichi usije ukafanya ngozi juu, na ukipoa uupitishe katika kitambaa chembamba ukiukamua kwa mkono. Unachotaka ni uji ambao ukiuchota kwa njiti utaning'inia kama asali kabla ya kudondoka.

Usiuamini uji wako kwa macho peke yake. Kata kipande cha nguo ile ile, upana wa vidole vinne, uchore juu yake mistari mitatu. Mstari ukitambaa pembeni na kufanya ndevu, uji ni mwepesi, urudishe motoni. Mstari ukikatika katika vipande kama mkufu uliokatika, au ukisimama juu ya nguo bila kuingia, uji ni mzito, uongeze maji ya moto kijiko kimoja kimoja. Mstari mwema hulala juu ya nguo na kuacha mgongo mdogo, na ukigeuza kitambaa nyuma utaona unyevu wake umepenya. Unga haufanani kutoka duka hata duka, wala mwezi hata mwezi, kwa hiyo kipimo nilichokupa ni mlango tu.

Vyombo vya kuchorea vimejaa nyumbani. Koni ya nailoni wanayoitumia wapambaji wa hina, iliyokatwa ncha kwa kadiri ya unene unaoutaka, ni bora kwa mistari mirefu na maua. Na yeyote ajuaye kupaka hina ameshapata nusu ya elimu hii kabla ya kuanza. Unyoya wa bawa la kuku, ukishikwa kama kalamu, hutoa mstari unaonenepa na kukonda kwa jinsi unavyouinamisha. Chelewa za ufagio, zikifungwa tano au sita pamoja na kukokotwa juu ya uji uliopakwa kwa wingi, huchana mawimbi kama ya bahari ya kusi. Mswaki wa mti, uliotafunwa ncha mpaka ukawa nyuzinyuzi, hutia madoa yasiyo sawa ambayo brashi ya dukani haiwezi kuyaiga, nami naupenda kwa kujazia mahali papana. Waweza pia kukata nakshi katika karatasi ngumu iliyopakwa mafuta, ukailaza juu ya nguo na kupitisha uji kwa kipande cha ubao. Wayoruba hufanya hivyo kwa mabati.

Tandaza turubali juu ya meza, juu yake kitambaa, ukivute kila upande na kukibana. Kisha fikiri kabla ya kuchora, na hapa kanga itakuwa mwalimu wako, kwa kuwa mpango wake umejaribiwa na vizazi: pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina katika kisanduku chake. Anza na pindo. Pindo likishasimama, jicho hujua mipaka yake, na mji hujazika kwa amani. Lakini aliyeanza katikati aghalabu hufika ukingoni akiwa na nusu ya ua mkononi asijue pa kuiweka. Chora kwa kalamu ya risasi, kwa wepesi, alama za kukuongoza. Na kila unapotaka kuchora umbo, jiulize ni kipi kitakachobaki cheupe. Ukichora korosho kwa mstari wa uji, utapata korosho ya rangi yenye ukingo mweupe. Ukiijaza korosho yote kwa uji, utapata korosho nyeupe katika bahari ya rangi. Maumbo hayo mawili hutoka katika kalamu moja, na nguo iliyochanganya yote mawili huwa na pumzi. Kuandika jina ni kwepesi kuliko watu wanavyodhani, mradi herufi ziwe nene na nafasi baina yake iwe pana, kwa maana uji hutanuka kidogo, na tundu la herufi ndogo ya a huzibika upesi.

Uji ukauke kabisa. Sisemi ukauke juu. Nasema ukauke mpaka ndani, mpaka kitambaa kijikunje na kupiga kelele kama karatasi kikishikwa. Katika kaskazi, jua likiwa kali, mchana mmoja hutosha. Katika masika, siku mbili, na usiku ukiingize ndani, kwa kuwa umande huulainisha tena. Ukipenda michirizi myembamba kama ya chungu cha kale, kikunje kitambaa kilichokauka kwa mikono miwili, taratibu, uji upasuke. Rangi itaingia katika nyufa. Mimi hufanya hivyo katika mji pekee, na pindo huliacha zima, ili macho yapate mahali pa kutulia.

Mintarafu ya rangi, tafuta zile za unga ziitwazo rangi za baridi, ambazo hushikana na pamba pasipo kuchemshwa. Kampuni ya ICI ya Uingereza ndiyo iliyozitoa kwanza sokoni mwaka 1956 kwa jina la Procion, na leo hutengenezwa katika nchi nyingi. Muulize muuzaji kama ni za pamba na kama hutumika kwa magadi soda. Ziko pia zile ambazo mafundi wengi wa batiki huzitumia pamoja na kostiki na haidro. Rangi hizo ni imara mno, lakini kostiki huunguza jicho na ngozi, kwa hiyo ziachie karakana yenye nafasi na hewa. Bluu ya kufulia si rangi ya nguo, itaondoka yote kwa fuo la kwanza. Bizari ya manjano huwaka kama dhahabu siku ya kwanza na jua huila siku za baadaye. Ni nzuri kwa watoto kujifunzia, si kwa nguo ya kuvaa.

Koroga kijiko kimoja hadi viwili vya chai vya rangi ya unga katika kikombe kimoja cha maji yaliyotiwa kijiko kimoja cha mezani cha urea, ile ile ya mbolea, ambayo huizuia rangi kukauka upesi kabla haijamaliza kazi yake. Unga wa rangi usiupulize wala usiuvute puani: funga barakoa, zima feni, na vyombo utakavyotumia visirudi tena jikoni. Magadi yamo katika nguo, wala usiyatie katika kikombe, maana rangi iliyochanganywa na magadi hufa baada ya saa chache hata kama hujaitumia.

Paka kwa brashi pana na laini. Brashi iguse nguo na kupita, isirudi nyuma na kusugua, kwa kuwa uji uliolowa kisha ukasuguliwa huyeyuka na kuifungulia rangi mlango. Anza na rangi nyepesi, umalizie na nzito. Ukiziacha zikutane zikiwa mbichi, manjano na buluu zitazaa kijani mpakani, nao mpaka huo wa bahati mara nyingi ndio mahali pazuri kuliko pote katika nguo. Ukimaliza usikikunje kitambaa wala usikipeleke juani. Kiache kimelala pale pale kivulini usiku kucha, kwa maana rangi hufanya kazi maadamu nguo ina unyevu, na joto letu la pwani huisaidia.

Asubuhi kitie katika beseni kubwa la maji baridi. Uji utavimba na kulainika. Ukwangue kwa mgongo wa kijiko, ubadilishe maji, ukwangue tena. Usiwe na pupa ya maji ya moto: maji baridi ndiyo yanayotoa magadi na rangi iliyozidi bila kuchafua weupe. Maji yakianza kuwa mepesi, ndipo uhamie kwenye maji ya moto na sabuni, mara mbili au tatu, mpaka yatoke safi. Wakati wa kukwangua, mstari wa kwanza unapojitokeza chini ya kidole, mweupe na wenye ukingo mkali, hata mtu aliyefanya kazi hii miaka mingi husimama kidogo kuutazama.

Ukishaufahamu uji na ukatamani nta, nitakuambia machache. Changanya mishumaa na nta ya nyuki: mishumaa peke yake hupasuka ovyo, na nta ya nyuki hushika kwa ulaini. Iyeyushe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kamwe si juu ya moto wenyewe, na uwe na kifuniko karibu. Nta ikishika moto ifunike, zima jiko, na usithubutu kumwaga maji, kwa kuwa maji huurusha moto hadi darini. Nta iliyo tayari ikipakwa hukifanya kitambaa kiwe kama karatasi iliyodondokewa na mafuta, unaona mwanga ndani yake. Ikibaki nyeupe juu ya nguo, imepoa na rangi itapita chini yake. Faida yake ni kwamba huweza kuchovywa, lakini katika rangi baridi pekee. Kuitoa, chemsha nguo katika maji ya sabuni, iache ipoe, uichote nta iliyoganda juu, na mabaki uyavute kwa pasi baina ya magazeti. Wala maji yale usiyamwage katika mfereji, nta itaganda humo.

Kile kipande cha vidole vinne ulichokijaribia uji, usikitupe. Kipake rangi pamoja na nguo, kioshe pamoja nayo, kisha kibandike katika daftari na uandike pembeni yake: unga ulitoka wapi, vijiko vingapi, hali ya hewa ilikuwaje, rangi ilikaa saa ngapi. Daftari langu sasa lina vipande vya namna nyingi, na kila ninapokaa kupika uji mpya huanza kwa kulifungua na kutafuta kipande cha mwezi kama huu.